Sahani ya Romek

Tarehe 24 Desemba. Asubuhi baridi ilikuwa digrii kumi na sita chini ya sifuri, upepo hakuna, na moshi wa kila nyumba ya Stara Wola ulipanda wima. Baba mkwe wangu, Walenty, alirudi kutoka zizini sharubu zimeganda, akasema barafu ya maji ya ng'ombe ameipasua kwa shoka mara mbili tangu alfajiri.

"Mungu akipenda, theluji haitaongezeka," alisema, akivua buti.

Iliongezeka. Kufikia adhuhuri barabara ya kuteremka mtoni ilikuwa haionekani tena, na mimi nilikuwa jikoni na mama mkwe, Genia, tukifunga vifurushi vidogo vya unga vyenye uyoga ndani, kwa ajili ya supu ya bitiruti.

"Bogna, unafunga unga au unaombea marehemu?" aliniuliza. "Mkono wako umelala."

"Nimechoka kidogo, Mama."

"Utachoka kesho. Leo hakuna ruhusa." Akacheka. "Halafu mwaka huu nimeota mbwa mweupe kalala mlangoni. Unajua maana yake?"

"Sijui."

"Mgeni! Mbwa mweupe ni mgeni. Muulize mtu yeyote."

Siku hiyo kila mwaka Mama Genia alikuwa na furaha, na hilo ndilo lililoniumiza. Mimi nilikuwa nimemwahidi Mungu kwamba kabla ya nyota ya kwanza, ambayo ndiyo hutufungulia mlo wa mkesha, nitamwambia kwamba mwanawe hatarudi.

Katika vijiji vyetu, meza ya mkesha wa Krismasi huwekwa sahani moja zaidi ya idadi ya watu. Ni sahani ya msafiri. Atakayebisha hodi jioni hiyo, awe nani, anakaa na kula, kwa sababu Mariamu na Yosefu walibisha wakakosa mahali. Kila nyumba ina sahani hiyo, na maishani mwangu sikuwahi kumwona msafiri aliyekuja kuikalia. Nyumbani kwetu sahani ilikuwa imebadilika jina. Miaka saba iliyopita mume wangu Romek alikwenda Norwe kufanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Tulikuwa tumeoana mwaka mmoja na miezi minne, na mtoto hatukujaliwa. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Baadaye Jumapili ya kwanza ya mwezi. Baadaye Pasaka tu. Kisha miaka minne kimya. Mama Genia alianza kuweka pembeni mwa sahani kijiko alichokitumia Romek utotoni, akaleta kiti chake kutoka chumbani kwetu, akakishonea mto. Hatukusema tena sahani ya msafiri. Tulisema sahani ya Romek.

Barua kutoka kwa Romek ilinifikia mwezi wa Novemba. Nilikutana na tarishi njiani nikienda mjini kwenye masomo ya jioni, akanipa mkononi. Niliisoma darasani kabla mwalimu hajafika. Ukurasa mmoja. Nilikaa masomo yote mawili, hesabu na historia, na sikumbuki hata neno moja lililofundishwa. Niliikunja, nikaiweka katikati ya kitabu changu cha sala, na kwa wiki sita kila nilipofungua kitabu kusali nilisali nayo ikinitazama.

Jumamosi ya mwisho ya Majilio nilikwenda kuungama. Nilimweleza padre. Alikohoa nyuma ya wavu, akasema, "Binti, utammegeaje mkate mama huyu huku umemfichia habari za mtoto aliyemzaa?"

Alikuwa anazungumzia mkate wetu wa mkesha, mwembamba kama hostia, wenye picha ya hori la Bethlehemu. Kabla ya kula, kila mtu huchukua kipande chake, humwendea mwenzake, wakamegeana, wakaombana msamaha na kutakiana heri. Bila kufanya hivyo, hakuna anayegusa kijiko. Watu wasiosemeshana tangu mavuno husemeshana hapo. Kwa hiyo nilijua padre ananidai nini, na nilijua kwamba nikimaliza kusema nitakuwa nimemfukuza Romek kwenye meza ya mama yake kwa kinywa changu.

Saa tisa akaja Shangazi Pelagia, dada wa Baba Walenty, mjane wa miaka themanini na mmoja anayeishi ng'ambo ya barabara. Alibeba keki ya mbegu za mpopi ndani ya shali, akaanza kukagua vyungu kabla hajavua koti.

"Wifi, samaki wako mwaka huu amenenepa kuliko kaka yangu."

"Kaka yako nisingemla hata akikaangwa kwa siagi," Mama Genia alijibu.

"Nawasikia!" Baba alisema kutoka chumba cha pili. Alikuwa anatandaza nyasi kavu juu ya meza, kisha kitambaa cheupe juu ya nyasi, ili tukumbuke Mtoto alilazwa wapi.

Nilihesabu vyakula. Vilikuwa kumi na viwili, idadi ya Mitume, vyote bila nyama. Nilihesabu tena. Nilikuwa natafuta kazi ya kufanya. Mara tatu nilisimama nyuma ya Mama Genia nikisema moyoni, sasa, Bwana, nipe sauti. Mara ya kwanza alikuwa anaonja supu. Mara ya pili alikuwa anaimba. Mara ya tatu alikuwa anaifuta sahani ya Romek, akaipulizia pumzi, akaifuta tena.

"Unataka nini, mwanangu?" aliniuliza bila kugeuka.

"Chumvi," nilisema.

Mawingu yalikuwa mazito, nyota haionekani. Shangazi aliketi dirishani akilalamika.

"Tutasubiri mpaka Pasaka? Tumbo langu halijui mawingu."

Baba alivaa kofia, akatoka uani, akarudi.

"Nimeiona."

"Umeona taa ya mnara wa simu."

"Nayo si iko juu? Simameni."

Tukasimama. Baba akasoma Injili ya kuzaliwa kwa Bwana, polepole, kidole kikifuata mstari. Tukasali kwa ajili ya waliofariki, tukawataja kwa majina. Mama Genia akaongeza, kama kila mwaka, "Na kwa Romek wetu aliye njiani." Baba akachukua sahani ndogo yenye mikate, akampa kila mmoja wetu. Nyota ilikuwa imenipita. Nikamgeukia mama mkwe.

"Mama," nilisema, "kabla hatujamegeana kuna jambo."

Hapo ndipo mlango ulipogongwa.

Mapigo matatu mazito ya kiganja. Mama Genia hakuuliza nani. Aliuacha mkate wake juu ya kitambaa, akasema "Romek!" kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tena, akakimbia ukumbini, mwanamke wa miaka sabini na mbili, kandambili moja ikabaki chini ya meza. Mimi nilijua si yeye. Nilikuwa na barua. Na hata hivyo, Mungu anisamehe, moyo wangu ulimtangulia mlangoni.

Mlangoni alisimama mtu mkubwa, sharubu nyeupe kwa barafu, kofia mkononi. Mama Genia alimtazama miguu, kifua, uso. Kisha akatazama nyuma yake, gizani, kama labda kuna mwingine.

Mgeni akasema kitu kwa Kirusi. Baba Walenty akaja, akamjibu.

"Mungu mkubwa," alituambia, "Kirusi nilichochapiwa viboko shuleni, leo ndiyo mara ya kwanza kinanifaa. Anaitwa Otar. Anatoka Jojia. Lori lake limeteleza kwenye mtaro pale kona ya msalaba. Anaomba koleo."

"Koleo gani jioni hii!" Shangazi Pelagia alipiga ishara ya msalaba. "Huyu ni msafiri! Walenty, msafiri! Miaka themanini naweka sahani, leo ndiyo namwona! Mwingize ndani, joto linatoka." Kisha akahesabu kwa kidole. "Ila sasa tumekuwa watano. Tukiwa watano mezani, mmoja hafiki Krismasi ijayo."

"Shangazi, jamani."

"Nasema tu. Mkubwa kwa umri ni mimi, nina haki ya kusema."

Otar aliingia akipangusa buti kwa muda mrefu. Aliona kitambaa cheupe, mishumaa, nyasi zikichungulia pembeni. Aliuliza jambo, Baba akacheka.

"Anauliza kama kuna ng'ombe atakayekula nasi. Kwao Krismasi bado, ni tarehe saba Januari. Anasema bado anafunga."

"Na sisi leo hatuli nyama," Shangazi alisema. "Mwambie amefika mahali pake."

Mgeni akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitu kirefu cha rangi ya udongo, chenye mafundomafundo, akampa Shangazi kwa mikono miwili. Shangazi akakinusa.

"Mshumaa mzuri," alisema. "Bogna, nipe kiberiti."

"Nyet, nyet!" Otar alipaza sauti, akijipigapiga mdomo kwa vidole.

"Inaliwa," Baba alisema. "Ni jozi zilizotungwa kwenye uzi, zikachovywa kwenye maji ya zabibu. Mke wake ndiye anayetengeneza. Ulitaka kuchoma kazi ya mwenzako!"

Tukacheka, hata mimi. Mama Genia hakucheka. Alikuwa amerudi na kusimama nyuma ya kiti cha Romek, mikono yote miwili juu ya egemeo.

"Karibu," Baba alimwonyesha mgeni kiti hicho.

"Hapo hapana," alisema Mama Genia.

"Genia?"

"Hapo hapana, Baba Romek. Pana mwenyewe."

"Mwenye sahani ni msafiri. Mwenye sahani ni Yule aliyekosa nafasi. Tumeweka kwa ajili yake tangu bibi zetu."

"Romek akija akamkuta mtu kakaa pake, atageuka. Wewe humjui, ana aibu yule. Atasema mmenisahau, ataondoka hata hajavua kofia." Alizungumza haraka, haraka. "Mpeni sahani yangu. Kiti changu hiki hapa. Mimi nitakula jikoni, sina neno, nimekula jikoni maisha yangu yote."

"Wifi," Shangazi alisema, na safari hii bila mzaha, "kumnyima msafiri sahani jioni ya leo ni dhambi."

"Basi iwe yangu. Nitakwenda nayo mimi."

Otar hakujua lugha yetu, ila alikuwa mtu mzima. Alitazama kiti, akatazama mikono ya Mama Genia, akarudisha kofia kichwani. Alimwambia Baba kwa upole kwamba anahitaji koleo tu, ana mkate ndani ya lori, na mama asisumbuliwe. Akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, akiinamisha kichwa kwa kila mmoja wetu.

Niliona kwamba mtu huyu anarudi kwenye baridi ya digrii kumi na sita kwa sababu yangu. Si kwa sababu ya mama mkwe. Yeye alikuwa anamlinda mwanawe. Mimi ndiye niliyemwacha alinde kiti kitupu.

"Mama," nilisema. "Mpe sahani. Romek haji."

"Atakuja."

"Ameandika."

Otar alisimama na mkono kwenye kitasa, maana sauti yangu ilikuwa imebadilika.

"Lini?" aliuliza Mama Genia.

"Novemba."

"Leta."

Nilikwenda kuchukua kitabu cha sala. Nilimpa karatasi. Aliiweka karibu na macho, kisha mbali. Miwani yake ilikuwa jikoni na hakuna aliyekwenda kuileta.

"Soma."

"Mama, nikueleze tu, pembeni..."

"Soma, yote, hapa hapa."

Nikasoma. Sauti yangu ikawa kama ya mtu mwingine. Nilisoma mbele ya baba mkwe, mbele ya Shangazi, mbele ya dereva wa lori kutoka nchi ya mbali, kwamba mume wangu anaishi na mwanamke mwingine na wana mtoto wa kiume wa miaka miwili. Kwamba anataka nimwachilie kwa sheria. "Wewe ni mwanamke mwema," nilisoma, "lakini nilipokuoa nilikuwa sijajua ninataka nini." Hapo nilisimama. Mama Genia aliashiria kwa kidevu, niendelee. "Sirudi tena. Mwambie Mama wewe, Bogna. Mimi sina maneno."

Barua ilikuwa imekwisha. Baba Walenty alikuwa amekaa, akikandamiza nyasi chini ya kitambaa kwa kiganja, mahali pale pale, tena na tena.

"Mtoto anaitwa nani?" Mama Genia aliuliza.

"Sverre."

"Nani?"

"Sverre, Mama."

"Sve..." Alijaribu. Mdomo wake ulikataa. "Sema tena."

Nilisema tena. Alijaribu mara ya pili, akashindwa kutamka jina la mjukuu wake, akafunika mdomo kwa aproni. Hakulia kwa sauti. Mabega tu. Tulisimama tukitazama mabega yale, na mimi niliyeomba kupewa sauti niliomba sasa niwe bubu.

Alipofunua uso alinitazama mimi.

"Wiki sita. Wiki sita umeniona nikimshonea mto mpya. Nikakuuliza rangi gani, ukasema bluu."

"Nisamehe, Mama."

"Ukasema bluu!"

Hakungoja jibu. Alichukua kijiko kile kidogo akakitia mfukoni mwa aproni. Akavuta kiti. "Mwambieni akae," alisema.

Baba akamwambia. Otar akakaa kama watu wanavyokaa msibani, nusu ya kiti, mikono magotini. Mama Genia akaokota mkate wake alipouacha. Akamwendea yeye kwanza. Mgeni hakujua desturi. Baba akamweleza kwa maneno machache na kumpa mkate, naye akainuka tena, akamega kipande kidogo sana kwenye mkate wa mama mkwe, na mama mkwe akamega kwenye wake. Otar akasema maneno marefu kwa Kijojia. Hata Baba hakuyaelewa. Alipomaliza aliinama akambusu mkono, kama mtu anavyombusu mama yake, na Mama Genia akamwachia mkono wake kwa muda, akitazama utosi wa kichwa kile kigeni.

Akamegeana na Shangazi Pelagia. Akamegeana na mumewe. Walishikana muda mrefu, na Baba alisema "Genia, Genia," hakuna zaidi. Kisha Baba akaja kwangu, akamega wangu. "Umebeba peke yako," alinong'ona. "Mungu akulipe, binti yangu."

Nilibaki mimi na yeye. Alisimama mbele yangu na kipande kilichobaki, kidogo kama ukucha, lakini hakukinyoosha. Nilikuwa nimeshapanga, baada ya mwaka mpya, kwenda mji wa Łódź kwa dada yangu. Kule kuna kiwanda cha mikate, na chumba. Kama asingenimegea, ningeondoka kesho yake, na nisingemlaumu.

"Utaondoka," alisema, kana kwamba amesoma mawazo yangu.

"Sijui, Mama."

"Una haki. Hukuolewa na mimi." Alivuta pumzi. "Nyumba hii mzee amekwisha kuiandika jina lako, tangu mwaka juzi, hukujua. Ukikaa, ukienda, ni yako. Sina binti mwingine. Lakini mimi mwakani sijui kama nitakuwepo, Pelagia amekwisha hesabu watu."

"Ah, wifi, yale ni maneno tu..."

"Nyamaza. Bogna. Nitakumegea, na nitakusamehe zile wiki sita, kama utaniahidi jambo moja, hawa wakisikia. Siku mwanangu akija. Kesho au miaka ishirini, peke yake au na yule mwanamke na yule mtoto. Nikiwa kaburini. Mkono utakaomfungulia ni wako. Niahidi hutamfungia mlango."

"Genia!" Baba alisema. "Usimfunge mtoto wa watu kwa jambo hilo. Amemdhulumu yeye kuliko sisi."

"Najua ninachoomba. Ndiyo maana namwomba yeye."

Otar alimgusa Baba mkono, akauliza kwa sauti ndogo. Baba akamtafsiria. Mgeni akasimama na kuvua kofia aliyokuwa ameisahau kichwani.

Sikujua kama nina uwezo huo. Mpaka leo ninapoandika sijui. Nilimtafuta Mungu ndani yangu wakati ule na sikumkuta mahali nilipomzoea. Palikuwa na ile sentensi tu, kwamba aliponioa alikuwa hajajua anataka nini. Nilitazama mkono wa mama mkwe. Mkate ule mwembamba ulikuwa umeanza kulainika kwenye vidole vyake kwa jasho.

"Sitamngoja tena, Mama," nilisema. "Hilo siliahidi. Leo nimemaliza kumngoja."

"Sikuombi umngoje."

Basi nikasema kwa sauti, ili Shangazi asikie kwa sikio lake bovu na Baba amtafsirie mgeni: "Baba, Shangazi, na wewe msafiri, mnisikie. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu. Romek akija nikiwa hai, nitamfungulia, nitamwekea chakula, yeye na atakaokuja nao, na sitamuuliza alikuwa wapi."